Balaa si changamoto

Siku ya gulio pale Lukozi, juu milimani Usambara, Fuso zikipakia kabichi na karoti za kuteremka Mombo kwenda Dar es Salaam, simama kando uwasikilize vijana wa kupakia mizigo. Karoti zikiwa nene na zimenyooka, wanasema karoti balaa. Dereva akirudisha gari nyuma kwenye kona nyembamba bila kugusa ukingo, jamaa ni balaa. Pikipiki mpya ya mwenzao, balaa. Yanga ya jana, balaa. Au Simba, kutegemea umesimama karibu na nani. Kabla ya saa nne neno hilo limekwisha kupita masikioni mwako mara nyingi kuliko salamu, na hakuna hata mtu mmoja aliyetishika.

Toka hapo uingie kwenye kikao cha kata. Barabara imekatwa na kifusi, mgonjwa hakufika hospitali, amefia njiani: utaambiwa kuna changamoto ya barabara. Kisima kimeingia maji ya chooni, watoto wanaharisha: changamoto ya maji. Panya wanaokotwa wamekufa ndani ya nyumba ambazo hakuna aliyetega sumu: changamoto ya panya. Msoma taarifa anageuza ukurasa, wajumbe wanaandika, mwenyekiti anashukuru.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilifanya kazi katika zahanati za huku juu, upande wa Shume na Mlalo, tangu nikiwa msichana, na nimezeeka nikiwasikia wenzangu wa rika langu wakiwalaumu vijana kwamba wameiharibu lugha: balaa limegeuzwa sifa, kutisha kumegeuzwa pongezi, hatari limekuwa neno la kusifia pilau. Sikubaliani nao. Lugha haijaharibiwa sokoni. Inaharibiwa ukumbini, na watu wazima wenye madaraka, kwa kuyaondoa maneno ya kutisha mahali hasa yanapotakiwa.

Neno balaa limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake huko ni mtihani, jambo la kumpima mtu. Ndiyo maana katika Qurani neno hilo halikai upande mmoja tu. Katika Sura ya Al-Baqara limetajwa kwa mateso ya Wana wa Israili chini ya Farao, watoto wao wa kiume walipokuwa wakichinjwa. Katika Sura ya Al-Anfal limefuatana na sifa ya wema: mtihani mwema ambao Mungu huwapa waumini. Sisi tulipolipokea tulishika zaidi upande wa kwanza. Balaa likawa jambo baya lililo kubwa kuliko uwezo wa mtu, linalotoka mbali na kumkuta amekaa kwake. Viangalie vitenzi vyake. Balaa hutufika, hutushukia, hutuangukia. Nasi tunaomba tuepushwe nalo, tukingwe, tuondolewe. Hata yule anayelaumiwa husemwa ameleta balaa, kana kwamba lilikuwa mahali fulani likingoja wa kulileta.

Lina ndugu wengi, na mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili hawachanganyi. Msiba una mlango: unaijua nyumba ya kwenda kukaa matanga na unamjua wa kumpa mkono wa pole. Nuksi na mkosi humwandama mtu mmoja. Zahama ni ya watu wengi kusukumana wasijue pa kutokea. Maafa huhesabiwa, ndiyo maana serikali imelichukua neno hilo na kulitungia sheria, ile ya mwaka 2015 na iliyofuata ya mwaka 2022. Janga husambaa, na tulilisikia vya kutosha wakati wa korona. Kutisha na kuogofya si majina ya mambo hayo; ni kile ambacho mambo hayo humfanyia mtu mwilini. Kuogofya kumezaliwa na kuogopa, na kwetu Kishambaa tunasema kuogoha, hivyo mtoto wa Shambaai, huku kwetu Usambara, akilikuta neno hilo kitabuni halimpi taabu, amekwisha kulisikia kwa mama yake.

Balaa linawazidi ndugu zake wote kwa kitu kimoja. Ni neno la kupigia kelele. Mtu akisema balaa limetufika, anayemsikia hawezi kukaa kimya. Lazima aulize: balaa gani? Liko wapi? Limempata nani? Hilo nitalirudia baadaye.

Sasa turudi kwa vijana wa Lukozi. Wakisema karoti balaa, hapo hakuna kitenzi. Neno limebandikwa nyuma ya jina la kitu kama kivumishi kisichofuata ngeli yoyote, kama wanavyobandika hatari, noma na kufa mtu. Balaa likisifu husimama bila kitenzi chake. Likitisha hudai kitenzi na upatanisho wake kamili: balaa limeingia kijijini, balaa limetokea bondeni. Mtoto wa darasa la kwanza anautambua mpaka huo bila kufundishwa. Mjukuu wangu ananiambia, "Bibi, jana Yanga balaa," na jioni ile ile mtu akipita njiani akipiga ukelele kwamba balaa limetokea huko chini, mjukuu huyo huyo anaacha chakula na kukimbilia nje. Hajachanganyikiwa hata kidogo. Sisi wazee ndio tunaomhofia bure.

Wala si sisi peke yetu tunaofanya hivyo. Waingereza wana neno lililozaliwa na hofu kuu ambalo leo humaanisha kitu kizuri kupita kiasi, na ndugu yake wa mzizi mmoja amebaki upande wa ubaya; wanaishi na yote mawili. Magazeti yetu ya michezo huandika Simba yatisha, Yanga yatisha, na msomaji anaelewa kwamba wachezaji wamecheza vizuri. Watu wakipenda kitu sana hutafuta neno zito kuliko zuri, na maneno mazito kuliko yote tuliyonayo ni ya hofu. Kumsifu mtu kwa neno la hofu ni kukiri kwamba hofu bado ina uzito. Balaa lingekuwa limekufa, vijana wasingelitumia.

Ili nieleze kwa nini neno changamoto linanichoma, lazima niizungumzie tauni.

Mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya yetu ya Lushoto. Haikuja mara moja ikaondoka. Ilirudi msimu baada ya msimu kwa zaidi ya miaka ishirini, kijiji hiki mwaka huu, kijiji kile mwaka unaofuata, na kufikia mwaka 2004 wagonjwa waliorekodiwa walikuwa wamepita 7,000, na waliokufa walikuwa mamia. Katika miaka hiyo wagonjwa wengi wa tauni wa Tanzania nzima walitoka katika wilaya hii moja. Ugonjwa ni ule ule wa bakteria anayeitwa Yersinia pestis, uliomaliza sehemu kubwa ya watu wa Ulaya kati ya mwaka 1347 na 1351. Nikisema hivyo, vijana hudhani nasimulia mambo ya vitabuni. Nasimulia wodi niliyokuwa nikiifagia mwenyewe alfajiri kabla wagonjwa hawajaamka.

Njia yake ni hii. Panya wa shambani wana viroboto. Mavuno yakiisha wanayafuata mahindi na maharage hadi ndani ya nyumba, na nyumba zetu nyingi zilikuwa na dari juu ya jiko ambako chakula huwekwa kikaushwe na moshi. Panya akifa kwa tauni, kiroboto wake hafi naye. Anatafuta damu nyingine, na aliye karibu ni yule anayelala chini kwenye mkeka, au yule anayeshinda jikoni na kupanda darini kuteremsha mahindi. Ndiyo maana wanawake na watoto ndio walioumia zaidi. Homa inapanda ghafla, mtu anatetemeka, kichwa kinamgonga, analegea. Kisha mtoki unatokeza kinenani, kwapani au shingoni, na unauma kiasi kwamba mtoto anapiga kelele ukimsogeza mguu tu. Katika tauni ya mitoki, wasipotibiwa, hufa watu 30 hadi 60 katika kila 100. Ikiingia mapafuni, asiyepata dawa mapema haponi, na kikohozi chake kinawaua wanaomuuguza. Lakini akipewa dawa siku za mwanzo, sindano za streptomaisini au vidonge vya tetrasaiklini, anainuka na kurudi kwake.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea siku, na siku zilipotelea kwenye neno.

Watu waliogopa kulitamka. Kijiji kikisemwa kina tauni, wanunuzi wa viazi hawapandi, wageni hawaji arusini, maiti inazikwa haraka na watu wachache. Wakasema homa. Wakasema ule ugonjwa. Wapo waliosema mtu karogwa, wakampeleka akachanjwe juu ya mtoki. Siwalaumu. Ni wao waliokuwa wakizika. Namkumbuka mama mmoja aliyetokea upande wa Manolo na binti yake mgongoni. Nilipomuuliza mtoto ana nini, alisema homa tu, imeanza jana. Nikamuuliza kama ameona panya waliokufa ndani ya nyumba. Akanyamaza, akautazama mlango. Nikamwambia, "Mama, hapa tuko mimi na wewe. Sema." Akasema kwa sauti ndogo kabisa: tauni. Nilimwita mganga wetu wa zahanati, tukaanza sindano pale pale, na siku hiyo hiyo watu wakapanda na dawa ya kunyunyiza viroboto hadi kwenye kitongoji chake. Binti yule alipona. Leo ana watoto wake.

Mama huyo alikuwa na haki ya kuogopa. Wapo ambao hawakuwa nayo. Nimekaa katika vikao ambako taarifa iliyoandikwa tauni ilirudishwa ili iandikwe upya: homa yenye uvimbe. Sababu tulizopewa ni kwamba tusiwatie wananchi hofu, na tusilichafue jina la eneo. Taarifa ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, na kabla haijapokelewa ikiwa na jina la ugonjwa, kitongoji cha pili kilikuwa kinachimba makaburi. Nimelibeba jambo hilo miaka yote hii na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Jina tauni halikuwa pambo la taarifa. Kwa kanuni za afya za kimataifa za wakati ule, magonjwa ambayo nchi ilibanwa kuyatangaza kwa Shirika la Afya Duniani yalikuwa matatu: kipindupindu, homa ya manjano na tauni. Ukiandika tauni, unagonga kengele inayosikika Tanga, Dar es Salaam na Geneva. Dawa zinatafutwa. Wataalamu wanapanda na mitego yao, wanakamata panya, wanahesabu viroboto. Profesa Bukheti Kilonzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, alitoa miaka mingi ya utafiti wake kwa tauni ya Lushoto, na mengi tunayoyajua juu ya panya wa milima hii tunayajua kwa kazi yake na ya wenzake. Watu hao hawakupandishwa mlimani na homa yenye uvimbe.

Na kutaja jina si desturi ya wasomi peke yao. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mjerumani Robert Koch alipothibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, upande wa Bukoba, ni tauni, wenyeji walikuwa na jina lao tayari. Waliuita rubunga. Hawakusubiri darubini ili wajue kwamba kinachowaua kinastahili kuitwa kwa jina lake.

Changamoto, kwa asili yake, si neno baya. Lina uchangamfu ndani yake. Mwalimu akimpa mwanafunzi hodari hesabu ngumu, hiyo ni changamoto. Timu ndogo ikipangiwa timu kubwa, hiyo ni changamoto. Ni jambo linalomtia mtu hamasa ya kujaribu uwezo wake. Likaingia kwenye semina na maandiko ya miradi, likachukua nafasi ya tatizo, kwa kuwa tatizo lilionekana linakatisha tamaa. Hapo ningevumilia. Lakini halikusimama hapo. Likachukua nafasi ya upungufu, kisha ya uzembe, kisha ya wizi, na sasa linasimama mahali pa kifo. Mama amefariki kwa kuwa gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, na taarifa inasema kituo kina changamoto ya usafiri. Nani anapewa hamasa hapo? Nani anajaribiwa uwezo wake? Yule mama?

Ukisema balaa, wataulizia balaa gani. Ukisema changamoto, hakuna anayeuliza. Changamoto haina tarehe, haina majeruhi, haina mtaa. Inasemwa katika wakati usiokwisha: tuna changamoto, tunaendelea kukabiliana na changamoto, pamoja na changamoto hizo tumepata mafanikio yafuatayo. Nimezisikia sentensi hizo kwa miaka mingi na bado sijasikia moja iliyosema changamoto ilianza lini au ni nani aliyetakiwa kuizuia.

Wazee wetu wa Shambaai walikuwa na namna nyingine ya kusema. Walisema kubana shi, kuiharibu nchi, na kinyume chake kuzifya shi, kuiponya nchi. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyekuja kukaa na wazee wa huku katika miaka ya 1960, ameandika kwa kirefu jinsi maneno hayo mawili yalivyobeba siasa nzima ya milima hii. Mvua ikinyesha kwa wakati, watu wakishiba na wasiuzwe, mtawala wa Vuga anaizifya shi. Njaa ikiingia, ukame ukashika, watawala wakashindana nguvu kwa nguvu, basi nchi inabanwa. Na kitenzi hicho kina mtendaji. Anayebana yupo. Mtu wa kawaida aliyeuona mhindi wake umekauka shambani alikuwa na haki ya kugeuza uso kuelekea Vuga na kuuliza ni nani anayeibana shi.

Haya hayakuwa maneno ya kuchezea. Baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Vuga, katika miaka ya 1860, wana na wajukuu wa ukoo wake wa Wakilindi walipigana wenyewe kwa wenyewe. Semboja, mmoja wao, pale Mazinde, chini ya mlima, alikuwa na biashara ya nyika, alikuwa na bunduki, na watu walikamatwa na kuteremshwa kuuzwa pwani ya Pangani. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa akimtumikia Semboja, aliyaandika mambo ya ukoo huo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kila shule ya mkoa wa Tanga ingepaswa kuwa nacho. Vita aliviita vita. Waliotekwa aliwaita waliotekwa. Kiswahili cha wakati ule kiliweza kuubeba uzito huo bila kutafuta neno la kuupunguza.

Hata wakati wa Mwingereza maneno ya wazee hayakufa. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Mlalo na kwingineko kulima matuta ili udongo usichukuliwe na maji. Kwa wakubwa wale huo ulikuwa mpango wa maendeleo. Kwa wakulima, hasa wanawake ambao jembe lilikuwa mikononi mwao, ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo kwenye mashamba yasiyotosha, na walisema wazi kwamba nchi inaharibiwa. Mwaka 1957 mpango ukaachwa. Kwamba udongo wa Usambara unahitaji kushikwa ni kweli, tumekuja kuushika wenyewe baadaye, kwa kontua na majani na miti. Lakini watu wale walikuwa na neno lenye mtendaji, na neno hilo liliwapa pa kusimama.

Leo nchi inapobanwa kweli tunayo maneno gani? Masika yakishika, barabara ya Mombo kupita Soni hadi Lushoto inaning'inia kwenye jabali, na mawe hayamuulizi abiria anakwenda wapi. Kila mkazi wa milimani anajua mteremko uliolimwa hadi kileleni unafanya nini mvua ikiwa ya siku tatu mfululizo. Jirani zetu wa milima ya Upare, kijiji cha Goha, wilaya ya Same, walifukiwa Novemba 2009, na zaidi ya watu 20 wakafa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Siku hizo za kwanza Kiswahili kilikuwa kizima: redio zilisema maafa, zilisema miili, zilisema tope. Majirani walilia kwa maneno yao halisi, na msaada ulikwenda kwa sababu kila mtu nchini alielewa kilichotokea. Kinachonisikitisha ni kile kinachosemwa kabla, mwaka mzima, wakati nyufa zinaonekana kwenye mteremko na mtendaji wa kijiji anaandika kwamba eneo lina changamoto ya kijiografia.

Najua jibu la wakubwa: maneno makali huleta taharuki. Nimelisikia nikiwa na sare na nimelisikia nikiwa sina. Lakini nimeuguza watu waliotaharuki na nimeuguza watu ambao hawakuambiwa, na ninaweza kusema ni kundi lipi lililochelewa kufika. Machi 2023, Kagera, kwa siku kadhaa tulisikia habari za ugonjwa usiojulikana. Hiyo ilikuwa halali, maabara ilikuwa inafanya kazi yake. Tarehe 21 Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akautangaza: Marburg. Ni jina la kuogofya, hakuna dawa yake ya uhakika. Lakini baada ya kutajwa, muuguzi wa zahanati ya mbali kabisa alijua avae nini kabla ya kumgusa mgonjwa mwenye homa, ndugu walijua kwa nini hawaruhusiwi kuosha maiti, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa umekwisha. Watu waliogopa. Waliogopa kitu walichokijua, na wakafanya walichotakiwa kufanya.

Kwa hiyo ninawaomba wahariri wa magazeti yetu, kurasa za michezo waziache kama zilivyo. Timu itishe, mshambuliaji awe balaa, mashabiki wafurahi. Kalamu yao nyekundu waihamishie kwenye habari za mikoani. Mwandishi akileta habari kwamba wilaya fulani inakabiliwa na changamoto ya vifo vya akina mama, wasiichape hivyo. Wamrudishe akaulize wamekufa wangapi, katika kituo gani, tangu lini, na walikosa nini. Madiwani nao, ambao tunawachagua wenyewe, wana haki ya kukataa taarifa. Diwani mmoja akisimama kila neno hilo linaposomwa na kuuliza "changamoto gani?", kama mtu yeyote anavyouliza "balaa gani?", taarifa ya robo inayofuata itaandikwa kwa namna nyingine. Nimemwona diwani mwanamke akifanya hivyo kwa utulivu, ukurasa kwa ukurasa, na ilipofika jioni tulikuwa tunajua ni vitongoji vipi havina maji na pampu ilikufa mwezi gani.

Na kwa watu wangu wa huku juu: miaka imepita, vijana wengi wanaofanya kazi zahanati leo hawajawahi kumwona mgonjwa wa tauni kwa macho yao. Panya bado wapo mashambani na viroboto wao wapo. Ukikuta panya wamekufa ndani na hakuna aliyetega sumu, usiwashike kwa mkono mtupu, usiwaache watoto walale chini usiku huo, na mwenye homa au mtoki asisubiri kesho. Ukifika zahanati, usimwambie muuguzi kwamba nyumbani kuna changamoto ya panya. Mwambie unahofia tauni, mtajie kitongoji chako, na umweleze panya wa kwanza alionekana siku gani.